Athieno, Kuku Walizikataa Peleti Zako

Athieno rafiki yangu,

Nimefungua kibanda chetu cha kuchoma kuku. Nilidhani nitakuwa na maneno mengi ya kukuambia juu ya hilo, lakini ndiyo hivyo tu. Nimefungua, hapa hapa Busia, na wateja wetu wanakuulizia.

Tangu tukuzike Rubongi sikuwa nimekisogelea kibanda. Siku ile ulipoanguka tulikimbilia hospitali, jirani akatuzimia jiko, na peleti za kuwashia zikabaki ndani ya sanduku la jiko. Unakumbuka ulivyokuwa ukinisumbua kila tukimaliza kuchoma? "Jiko limepoa, Nekesa? Basi zitoe zote. Hilo ni vumbi la mbao lililoshindiliwa tu, likipata unyevu linageuka uji."

Mvua imenyesha sana, Athieno. Nilikuta uji kweli, tena umeshakauka ukawa kama udongo wa kichuguu. Ile skrubu inayosukuma peleti motoni ilikataa kuzunguka. Nikakaa chini na kijiko, nakwangua, nalia, nakwangua tena. Nilishaamua nikimaliza nitaliuza jiko nirudi Buteba kulima.

Kabla sijamaliza akaja mama mkwe wako. Yule yule aliyekuwa akisema mke wa mwanawe hawezi kuchoma kuku kando ya barabara. Alikuwa ametoka Rubongi na lile pipa lako lenye kifuniko cha kubana, ulilokuwa ukiwekea mabaki ya peleti nyumbani, likikaa juu ya mbao, lisiguse sakafu.

"Mimi nilifikiri ni chakula ya kuku," akaniambia. "Nikawamwagia. Kuku ikanusa, ikakataa. Ndiyo nikajua hii kitu ni ya kazi yenu."

Sikuwa nimecheka tangu ufe. Nikacheka. Naye akacheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Nikavunja peleti moja kama ulivyonifundisha. Ikakatika kwa mlio, ndani kavu kabisa. Zile zilizoharibika nilikuwa nimezimwaga kwenye migomba, sikuthubutu kuzichanganya na zako. Tukamalizia kukwangua mpaka skrubu ikazunguka, tukatia kidogo, jiko likashika moto, nikamchomea mama paja la kuku. Akala polepole mpaka akabaki na mfupa mkononi.

"Kumbe mtoto yangu alikuwa anajua kazi."

Mtoto yangu. Miaka yote ile alikuita "mke wa mwanangu". Nimekuandikia hasa kwa ajili ya neno hilo, maana ulilingoja sana na mimi ndiye niliyelisikia.

Siku ya soko atakuja tena. Ameniomba nimwonyeshe namna ya kuwasha, na nimemwambia aje na viatu vya kufunika vidole.

Jiko siuzi, Athieno. Nakuahidi, na yeye simwachi peke yake. Pumzika sasa, dada. Huku tunaendelea.

Wako,
Nekesa