Rukia, Sinia Nimeliweka Chini

Rukia, shoga yangu,

Nimekulipizia. Tulia hapo ulipo nikupe yote.

Mzee Twalib, mwenyekiti wa jumuiya yetu huku Texas, unaujua wimbo wake: "Vijana, nyinyi ni viongozi wa kesho." Leo yetu ilikuwa kupitisha chai. Wewe ukitoka zamu hospitali, miguu imekuvimba, unakaa na simu kuwafundisha vijana wa kwetu Vanga kufunga pampu za sola, mashamba yapate maji, wasikimbilie Mombasa kukaa bure. Halafu Mzee akasimama mkutanoni, eti mradi ni wake. Na wewe umeshika sinia la sambusa! Ukaniambia, "Wacha, Mwanaisha, ni mtu mzima." Nikawacha. Lakini kwenye hitima yako alipolia kumshinda mama yako mzazi, wallahi nilimchukia.

Jumamosi tulikutana Houston, ukumbi ule wa Gulfton. Nili-drive kutoka Carrollton na hasira zangu. Jikoni sikuingia, wala vijana wenzetu hawakuingia. Wazee wanageuka huku na huku, chai haiji. Mzee akawasha skrini, vijana wa Vanga wakatokea moja kwa moja mbele ya karakana yao mpya, ile aliyotaka iitwe kwa jina lake. Akawaambia wamshukuru mwalimu wao mbele ya wageni. Hajapata kuongea nao hata siku moja, kajiamini tu!

Mwanajuma, yule uliyekuwa ukimwita mkaidi, akasema mwalimu wao ni Dada Rukia, na jina hilo wameshaliandika kwa rangi mlangoni. Wakakuombea dua, ukumbi mzima ukaitikia amin. Na yeye pia akaitikia, angefanyaje? Uso ulimshuka shuu. Nilifurahi, Rukia. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikalia, maana ulistahili kuyasikia hayo ukiwa hai.

Bado sijamaliza naye. Nagombea uenyekiti. Wanasema mimi mwanamke, tena kijana. Watazoea. Nakuahidi, Mwanajuma na wenzake watakaa kwenye kamati yetu, waseme wenyewe wanataka nini kwao, wasiwe wa kuonyeshwa kwa wageni tu.

Lala salama, shoga. Nikishinda, Mzee Twalib ndiye atakayepitisha sambusa. Akifika kwangu nitachukua mbili, moja yako.

Mwanaisha