Nguzo ya Tatu Chini ya Jukwaa

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, bado anagombana na redio.

Habari kubwa ni jumba letu la maonyesho. Halmashauri inataka kulibomoa. Mhandisi wao alikanyaga jukwaa likabonyea, akasema jengo limechoka. Nikamjibu kwamba halijachoka, limetelekezwa tu, na nikaomba wiki mbili. Alicheka, lakini alinipa.

Nikashuka chini ya jukwaa na tochi. Unakumbuka desturi ya mafundi wa jumba lile: ukigusa mbao, unaandika alama yako na mwaka kwa penseli, pale watazamaji wasipoona. Nimezisoma zote. Babu yumo, tangu jengo likiwa ghala la pamba. Baba yumo kila mahali: jukwaa, ngazi, viti. Yumo fundi aliyeziba madirisha lilipogeuzwa sinema, na yule aliyeyazibua sinema ilipokufa. Mhandisi alipokuja tena aliziandika alama zote, kisha akauliza mbona nguzo ya tatu haipo, pamewekwa gogo lililooza.

Kaka, nguzo ile ulilaumiwa wewe. Jukwaa lilipobonyea katikati ya mchezo, baba aliegemeza gogo, akaapa kwamba nguzo itarudishwa na aliyeikata, akakufukuza karakanani. Ulikana mara moja, ukaniangalia, ukanyamaza. Hukurudi hata kumzika.

Niliikata mimi. Nilitaka mlango wa sakafuni uwe mpana, ili ukiigiza mzimu na kutokea hapo usikwaruze mabega. Nikaandika na alama yangu kwenye boriti, kama nilivyofundishwa. Baba alipoanza kufoka, nikaipaka rangi. Miaka kumi na tisa nimekaa kimya. Naona aibu, na nakuomba radhi.

Juzi nimeikwangua ile rangi. Nimemwonyesha mhandisi, nimemwonyesha na mama. Mama aliigusa alama kwa kidole, akakaa kwenye ngazi. Mhandisi anasema nguzo ikirudi, ataandika kwamba jengo lisibomolewe. Mbao nimeshaipiga randa. Jumatatu ijayo naisimamisha, uje usije.

Alama yangu sitaandika. Penseli ya baba nimeitia kwenye bahasha hii. Nguzo hiyo itabaki tupu mpaka uje uandike yako.

Msalimie sana wifi, na watoto wote.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa jukwaa