Jani la Thelathini

Jumatatu, 3 Machi

Uzi wa kijani umekwisha! Majani ishirini na saba tayari, matatu hayana uzi, na mchoro niliopeleka kwa watu wa maonyesho una majani thelathini. Thelathini! Nani alinituma? Ningechora ishirini na tano ningekuwa napumzika sasa hivi.

Na dukani siendi. Sharti la kwanza la maonyesho: hakuna uzi mpya. Kila kitu kitoke kwenye nguo kuukuu, kitariziwe kwa mkono, bila mashine, bila kutupa kitu. Fomu iliuliza malighafi yangu imesafiri umbali gani. Nikaandika: kutoka kabatini. Mwenye maonyesho — namwita Bibi Mazingira — alinipigia simu kunipongeza kwa jibu hilo. Kitambaa chenyewe ni shuka letu la harusi. Kijani nilikifumua mgongoni mwa koti langu la kazi, nembo ya kiwanda, herufi moja moja. Miaka kumi na minne nimesimamia mashine ya kutarizi nembo. Kiwanda kimefungwa, sasa nafumua kazi ya mashine ile ile kwa ncha ya sindano. Haya.

Mke wangu karudi kutoka kazini hospitalini, kanuna. Blauzi yake ya zambarau imekwenda zamu bila ua. Ua nililifumua mimi, nilidhani haivai tena!

Mama mkwe kwenye simu na dada yake, sauti ya kutangaza: mkwe wangu? Yupo tu. Anashonashona.

Anashonashona! Mwezi mzima yuko hapa kwa ajili ya mazoezi ya mgongo, kila siku ananiona nimeinama, na bado mimi nipo tu. Nikichaguliwa nitafundisha kwenye darasa lao la kutarizi, kazi ya kudumu. Lakini kusema kweli nataka kitu kimoja: siku moja kwenye hiyo simu aseme "fundi".

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya jambo.

Mama ana mto wake wa kuegemea, alikuja nao. Foronya aliitarizi mwenyewe enzi za usichana. Mbele ni maua mekundu matupu. Nyuma, upande unaogusa kochi, upande ambao hakuna anayeutazama — majani matatu ya kijani. Kijani changu! Hata muuza nyuzi asingeweza kutofautisha.

Saa nne alikwenda mazoezini. Saa nne na dakika tano mto ulikuwa magotini mwangu. Nimechukua jani la pembeni kabisa, kwa sababu lilikuwa limepinda vibaya, mshono huu mrefu, huu mfupi. Niliona aibu kwa niaba yake. Nikafumua polepole, nikasugua matundu kwa ukucha mpaka kitambaa kikajifunga. Nikalishona kwangu, chini kulia. Ishirini na nane. Na limenyooka!

Aliporudi akaegemea, akasema mgongo unaendelea vizuri. Nikasema ashukuriwe Mungu, mama.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi tena. Yale mawili yaliyobaki. THELATHINI! Nimezunguka sebuleni na kitambaa mabegani, mtu mzima, peke yangu.

Mikia ya uzi sijakata. Uzi wa kufumuliwa haukatwi ovyo — unaupitisha chini ya mishono, na ukibadili mawazo unauvuta wote, mzima. Mkasi kwangu ni siku ya kukabidhi kazi, basi. Kwa sasa uko kwenye droo ya jikoni, unakatia pakiti za maziwa.

Nikichaguliwa nitamtarizia Mama foronya mpya. Majani mia! Hili nimeliweka moyoni, kwa hiyo si wizi.

Jumamosi, 8 Machi

Ishirini na tisa.

Nimehesabu mara tatu, mara ya tatu kwa kidole. Tulikwenda sokoni, mimi na mke wangu, saa moja na nusu tu. Lile la chini kulia halipo. Panya? Panya gani anafumua bila kukata, kisha anasugua matundu? Mke wangu anaapa hajagusa, na namwamini. Yeye kutia uzi kwenye sindano tu humwita jirani.

Mama kochini, ananitazama nikipiga magoti chini ya meza. Umepoteza kitu, baba? Hapana, mama. Basi kaa, unanizungusha kichwa.

Jumatatu, 10 Machi

Jani limerudi kwenye mto! Lile la pembeni. Na limepinda vile vile! Mshono huu mrefu, huu mfupi, kama lilivyokuwa. Mkia haujakatwa, umefichwa chini. Anajua. Anajua kila kitu, na kila asubuhi anaitikia shikamoo yangu kwa sauti laini kabisa.

Ila yale mawili mengine hakuyadai. Mtoni pale pako peupe, na kwangu yapo. Sielewi. Kama ni kudai, si angedai yote?

Mtu mwema angeishia hapo. Nimelifumua. Thelathini.

Jumanne, 11 Machi

Nimeoga dakika tisa. Dakika tisa! Nimetoka na taulo, sabuni sikioni — ishirini na tisa.

Mama wa miaka sabini na mbili, mgongo mbovu, amefumua jani zima ndani ya dakika tisa. Mimi huchukua ishirini. Nimekasirika sana. Na nimemvulia kofia.

Jioni tumekula kwa adabu kubwa. Niongezee mboga, baba. Karibu sana, mama. Mke wangu anageuza shingo huku na huku, akauliza kama kuna mtu amekufa.

Na uzi wenyewe unakwisha. Kila ukihama unaacha manyoya, unafupika. Ukihama mara mbili tatu zaidi hautatosha jani la mtu yeyote.

Jumatano, 12 Machi

Amekwenda mazoezini NA MTO. Ameukumbatia. Eti daktari ameshauri. Daktari gani!

Bibi Mazingira amepiga simu: anakuja Ijumaa saa nne kukagua, mchoro mkononi. Maji ya shingo.

Nikamweleza mke wangu yote. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akauliza ni jani lipi hasa. Nikasema la pembeni, lile lililopinda. Akaacha kucheka.

Lile, akasema, alishona baba yake. Marehemu. Walipokuwa wachumba alimwambia mama kwamba kutarizi ni mchezo tu, mama akamkabidhi sindano, haya, cheza. Alijichoma mara nne. Jani moja, siku nzima. Mama hakulinyoosha kamwe.

Mimi nimelinyoosha. Mara mbili.

Mke wangu anasema niombe radhi, nimalize. Nitaanzaje? Shikamoo mama, nimemfumua mumeo?

Alhamisi, 13 Machi

Siligusi tena. Afadhali nikose darasa. Nimesema.

Lakini nina akili, na uani kuna majani! Nimeyachuma, nimeyachemsha kwenye sufuria, nikazamisha uzi mweupe niliofumua kwenye pindo la shuka. Rangi ya asili, Bibi Mazingira angelia kwa furaha. Umetoka manjano ya mgonjwa.

Mama akachungulia mlangoni. Hiyo ni dawa au mchuzi? Ni rangi, mama. Ya jani. Akaunyanyua uzi kwa kijiko, akautazama kwa muda. "Jani hili limekwisha kufa, baba." Akaenda zake. Hakutabasamu. Au alitabasamu, mvuke ulikuwa mwingi.

Nilitaka kusema pale pale. Samahani ilifika kwenye meno ikarudi. Nina miaka arobaini na sita na naogopa bibi mwenye kijiko! Najionea aibu kweli. Sufuria nayo imekuwa ya manjano, na ni ile anayoipenda mke wangu.

Ijumaa, 14 Machi — saa nne kasorobo, jikoni

Amewahi! Bibi Mazingira yuko sebuleni. Mke wangu yuko zamu. Naandika nimesimama, maji hayajachemka, na nikirudi kule mikono mitupu nitaanguka.

Asubuhi nilitandaza kitambaa mezani. Nikamwambia Mama, macho chini: mama, lile jani, sikujua ni la baba. Nisamehe. Na yale mawili pia. Akavaa miwani. Nikadhani sasa ndiyo sasa — hodi ikapigwa! Akasema nifungue mlango, kisha nikaandae chai. Nilipompita alikuwa ameugeuza mto nyuma mbele. Sindano mkononi.

Nawasikia. Bibi Mazingira anasema mchoro una thelathini, yeye anaona ishirini na tisa.

Mama kamwambia: "Kaa kwanza, mwanangu. Utahesabu baadaye."

Kutoka hapa naona kisogo cha Mama na kiwiko kinapanda, kinashuka. Anashona. Au anafumua. Ukiwa nyuma ya mtu huwezi kujua. Mto uko magotini mwake na ncha ya kitambaa changu iko magotini mwake, vyote viwili.

Bibi Mazingira anauliza mbona hilo limepinda. Mama kasema ndivyo lilivyo, liache.

Lipi? Lililo wapi?

Maji yanachemka —

Ameniita! "Fundi! Niletee mkasi!"

Fundi. Mbele ya mgeni. Hakusema baba, hakusema wewe. Na anataka mkasi. Tangu tuanze vita hii hakuna aliyekata uzi, si mimi, si yeye. Uzi ukikatwa, jani halihami tena.

Anarudia, kwa sauti ile ya simu: fundi, mkasi, mkono unaniuma!

Huu hapa. Una maziwa kwenye ncha. Ngoja niufute —