Duara la Cherono

Jumanne. Mvua ya mawe imepiga Mogogosiek mchana huu, na chai yetu imebaki vijiti.

Nina wivu. Afadhali niuseme hapa shajarani, ambapo watu wa ofisini hawafiki.

Mimi na Cherono tulikaa dawati moja shuleni. Sasa yeye ni mtafiti kwenye maabara ya hospitali, na mimi ni karani wa maabara hiyo hiyo: napokea sampuli, nabandika majina. Anajaribu dawa aliyokamua kwenye magome ya senetwet, mti ambao mkaa wake tunasafishia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Magome alipewa na Kogo, nyanya yangu. Bakteria nao wametoka kwenye kidonda cha mguu wa Kogo, kidonda kilichokataa dawa zote.

Asubuhi alifunua kisahani alimowaotesha bakteria hao. Kando ya dawa za hospitali, bakteria walikuwa wamejaa tele. Kando ya senetwet palikuwa na duara safi kabisa, bila bakteria hata mmoja. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Moyoni niliomba duara lile liwe kosa.

Jioni nilimkuta Kogo jikoni, bandeji ameitupa motoni, anasaga mkaa wa senetwet aupake kidondani. Cherono alikuwa amempigia simu kwa furaha.

"Mti wangu umeshinda dawa zenu," akasema. "Kliniki siendi tena."

Nikamweleza kwamba kisahani si mguu, na dawa ile haijajaribiwa kwa mtu yeyote. Akacheka.

"Wewe si ni wa kubandika majina? Daktari ni Cherono."

Iliniuma. Nilijua Cherono akimwambia neno moja tu atasikia, na sikutaka kuliona hilo kwa macho yangu. Nikaishika simu, nikaiweka chini.

Kisha nikautazama mguu. Wekundu ulikuwa umevuka mstari ambao muuguzi aliuchora kwa kalamu kuonyesha ulipoishia.

Nikampigia.

"Ni makosa yangu," Cherono akasema. "Mnyang'anye huo mkaa, nakuja na gari."

Alifika na gambuti zimejaa matope. "Kogo, twende hospitali."

"Sawa, daktari."

Hivyo tu!

Kogo amelazwa. Wamechukua sampuli mpya, nikaibandika jina lake, nikamkabidhi Cherono. Wivu bado ninao, umekaa pale pale.

Lakini atakapofunua kisahani hiki kipya, nitaomba duara lirudi. Liwe la Cherono, mradi lirudi.