Kwa Baba Hamroqul, Mtazama Galaksi wa Forish

Mwaka mzima umepita, Baba Hamroqul, tangu tulipokuzika miti ya aprikoti ikiwa ndiyo kwanza inachanua, na giza likiingia bado tunapita uani kwako kwa kunyata, kana kwamba utatugombeza kwa kuwasha taa.

Ulikuwa mkali kwa jambo hilo moja tu. Mchana ulikuwa fundi wa pampu mpole, uliyefufua visima vya watu kwa ahsante na mkate wa moto. Jua likizama ulipanda ngazi kwenye darubini uliyoiunda mwenyewe kwa bomba la pampu, ukaanza kumfokea jirani.

"We Xolbek! Zima taa hiyo! Kuku wako wanajua kulala gizani!"

"Nazima! Ila mke wangu akijikwaa, utamwuguza wewe!"

Ulikuwa ukitafuta galaksi hafifu, zile zinazoonekana kama kimoshi cha mwanga, tena kwa shida. Sisi tulikodoa macho tusione kitu. "Msiikodolee," ulituambia. "Tazameni pembeni yake kidogo, itakuja yenyewe." Na kweli ilikuja.

Kisha Ulmas, mwanao wa pekee, akaoa. Kila asubuhi Zulayho aliinama mlangoni kukuamkia, nawe ulimwombea heri huku ukitazama sikio lake. Usoni hukumtazama hata siku moja. Alikuletea supu, ukaushukuru ukuta. Mkeo Oydin alikubana: "Mzee, huyu mtoto amekukosea nini?" Ukajibu, "Hajanikosea kitu," ukajiondokea. Zulayho akawa analia jikoni akidhani humtaki, na mwisho akampigia mama yake simu.

Wazazi wake wakaja kutoka mji wa Jizzax. Sote tulijua wamekuja kuamua kama binti yao abaki au arudi kwao. Ulimkaribisha baba yake Zulayho, Mzee Toshpulat, kwa heshima zote. Ukashika birika mwenyewe ili anywe kutoka mkononi mwako. Ukamimina, ukamimina, hadi kikombe kikajaa pomoni.

Baba, kwetu hata mtoto anajua. Mgeni anayependwa hutiliwa chai kidogo, ili aombe tena na tena. Ukimjazia kikombe, umemwambia anywe aende zake.

Mzee Toshpulat hakukigusa. Alisimama.

"Tumekuelewa, mkwe wangu. Zulayho, kafunge mizigo yako."

Oydin alishika kifua.

"Kaa, mkwe, nimekosa nini?" uliuliza. Chai ya moto ilikuwa ikikumwagikia vidoleni, nawe umepinda shingo, unautazama mto wa kuegemea ulio kando ya kikombe.

Zulayho peke yake ndiye aliyeelewa. Alikwishakuona ukiipinda shingo vile vile juu ya ngazi. Akasahau adabu zote za mkaza mwana, akapiga magoti mbele yako na kukushika mashavu kwa mikono miwili.

"Baba, macho yako yana nini?"

Mama yake alikuwa tayari mlangoni, amekwisha kuvaa viatu.

"Baba, nitazame kama unavyozitazama galaksi zako."

Ukageuza uso pembeni, taratibu.

"Una kovu dogo kwenye nyusi," ukasema. "Na ukitaka kulia, mdomo unapinda upande. Nimekujua tangu siku ya harusi, mwanangu. Nikikutazama usoni unafutika. Katikati ya macho yangu pamekufa, pamebaki pembeni tu. Nikitazama sikio lako, ndipo ninapokuona. Hata kikombe hiki sikukiona kikijaa."

"Sasa mbona hukusema, mzee wewe?" Oydin alifoka huku analia.

"Mngeninyang'anya ngazi."

Mama yake Zulayho ndiye aliyeanza kucheka, pale pale mlangoni. Zulayho akaimwaga ile chai, akamtilia baba yake nyingine, kidogo tu, chini ya kikombe. Mzee Toshpulat alikiangalia kwa muda mrefu. Kisha akaketi, akanywa, akaomba tena.

Tulikukasirikia sana, Baba, kwa kutuficha. Tulikosa usingizi kwa hofu kwamba utaanguka. Lakini ngazi hatukuichukua. Zulayho aliishika kila ulipopanda, hadi jioni yako ya mwisho, na wewe ukimsimulia ulichokiona.

Juzi Ulmas alipoandika tangazo hili la kumbukumbu alitaja watu kwa utaratibu wa siku zote: mjane, mwana, mkaza mwana. Zulayho alilisoma kimya, akachukua kalamu, akafuta hilo la mwisho bila kumwuliza mtu. Hakuna aliyembishia.

Unakumbukwa na mkeo Oydin, wakwe zako wa Jizzax, majirani wote wa Forish, na watoto wako wawili, Zulayho na Ulmas.

Hatutakusahau, Baba, maisha yetu yote.