Mama ya Elisée Atalala Wapi?

Jumatano, tarehe 6 août 2025

Draps mupya, mashuka ya kitanda! Nilizinunua leo mu ville — nyeupe, maua ya bleu pembeni. Kitanda yetu ya ndoa haijamaliza hata mwezi, inafaa ivae muzuri! Nilitandika, nikanyoosha couvre-lit, kifuniko ya juu, nikasimama pa mulango kuiangalia sawa mupumbavu.

Bwana yangu Elisée akaingia, akafunua yote. Ati kwao Butembo banaacha kitanda wazi ipate hewa mpaka saa sita. Kwetu? Baba alikuwa muntu wa chemin de fer, kazi ya reli: ukiamuka tu, kitanda imeshatandikwa! Tulicheka mpaka machozi. Tukapatana: upande wake wazi, upande wangu umefunikwa. Kitanda ya nusu!

Alhamisi, tarehe 7 août

Mama mukwe anakuya jumamosi! Iko anafanya biashara kule Mokambo, na hajafika mu nyumba yetu hata mara moja. Niliruka kwa furaha!

Kiisha nikauliza: atalala wapi? Kitanda tuko nayo moja tu. Elisée: mu kitanda yetu, siye tutalala chini mu salon, sebuleni. Kwao mama anapewa ile ya muzuri kupita zote.

Mungu wangu! Kwetu mama mukwe kulala mu kitanda ya ndoa ya mutoto wake — ni kizila, mwiko kabisa! Nilimupigia mama yangu simu. Akapiga kelele: hata kukaa pembeni ya kitanda, hapana!

Elisée akakasirika. Mama yake alale chini kwa sababu gani, ni mugeni wa nani?

Ijumaa, tarehe 8 août

Nilifua draps. Poussière, vumbi ya hapa, ikazifanya nyekundu pa kamba. Nikafua tena. Niliomba kitanda kwa majirani — hakuna. Elisée angali na hasira. Kesho mama mukwe anafika — woga, furaha, sijui.

Jumamosi, tarehe 9 août

Amefika! Mama wa mwili mukubwa, kicheko chake kinajaza parcelle, kiwanja yetu nzima. Alishuka mu camion ya mizigo na bulangeti nzito ajabu — zawadi yetu. Alinikumbatia! Akasema nimuonyeshe nyumba. Cuisine, salon... Pa mulango wa chambre yetu ya kulala nikasimama, mikono nimenyoosha kuziba njia.

— Mama, unisamehe. Kwetu haifanyike.

Nilimuelezea yote. Na Elisée? Alitoka inje, mwoga yule!

Mama akaniangalia.

— Kwetu, mutoto akininyima kitanda yake, ninarudi na camion ileile.

Weee! Lakini sikutoka pa mulango. Akauliza:

— Na mama yako akikuya hapa, analala wapi?

— Chini mu salon, mama. Na miye kando yake.

— Wewe kando yake?

— Ndiyo, mama.

Akaenda mu salon. Nimekimbilia hapa mu chambre, ninaandika mbiombio. Chauffeur wa camion anapiga klaxon, piii!: anauliza kama aende. Mama hajamujibu. Elisée amesimama katikati ya parcelle, anaangalia mulango, anaangalia camion.

Ninasikia mama anasukuma viti mu salon. Bulangeti inakung'utwa — pwa! pwa!

— Martine! Hii kintu iko kubwa, miye peke yangu siiweze. Kuya ushike huku, tutandike chini!

Klaxon tena. Ninaenda!