Chupa ya Maji Safi

Dada yangu wa pekee,

Mwanao Kibogoyo ametoka sasa hivi kujimwagia ndoo nzima ya maji ya kunywa, na anacheka. Ameota meno mawili, lakini jina hilo la utani halimtoki.

Kazi ya kuosha chupa maabara ya ziwa sijui kama bado ninayo. Daktari wetu ana akili, jamani! Anachuja maji ya ziwa, anasoma vinasaba vilivyobaki kwenye karatasi ya kuchujia, kisha anakutajia viumbe vyote vidogo visivyoonekana kwa macho, vile ambavyo ni chakula cha samaki wachanga. Ni kama kumjua aliyelalia mto kwa unywele mmoja tu.

Kila safari, chupa moja hujazwa maji safi, ipimwe pamoja na nyingine. Isipokutwa na kitu, kazi ni safi. Jana majibu yakaja: imekutwa na viumbe vya ziwani. Kazi ya mwezi mzima imeharibika, watu wanatazamana. Nilijua ni mimi. Niliisuuza ziwani, nikidhani naiongezea usafi.

Nikamwendea Daktari, nikamwambia.

"Mama Kibogoyo," akasema, "ungenyamaza ningelitafuta kosa hili mwaka mzima. Nenda nyumbani, nitakujibu."

Dada, hata akinifukuza, yule mama Daktari nitamsifu mpaka kufa. Hakupandisha sauti hata kidogo.

Haya, Mama ananiita kutoka uani: "Wewe! Daktari wako kakufuata mwenyewe, ana majaketi mawili ya kuelea, boti inangoja. Mtoto niachie!"

Mawili, Dada! Basi moja litakuwa langu! Nakimbia.